Mafunzo Nyuma ya Migomba

Mwaka jana, katika mashindano ya mitumbwi ya wanawake kule ziwani Matema, mikono ya Tupokigwe ilikufa ganzi katikati ya maji. Timu yake ya wachuma chai wa Lupepo ikashika mkia, na nahodha wao, Jenifer, hakumung'unya maneno: "Safari ijayo utatupigia makofi ufukweni, dada." Neno hilo lilimchoma Tupokigwe hadi akakosa usingizi.

Basi akaanza mazoezi. Sisi watu wa milimani tukisikia nguvu tunafikiria mikono tu, naye hakuwa tofauti. Kila jioni alibeba madumu ya maji huku na huku, akatwanga mahindi, hata ya jirani. Mabega yakatuna, akajiona simba.

Baba mkwe wake, mzee Ambindwile, alikuwa akisikia kishindo cha kinu. Yeye alizaliwa ufukweni na kupiga kasia tangu utoto. Ila kwa Wanyakyusa wa rika lake, mkwe na mkamwana hawaonani. Akitokea huyu, yule huingia migombani. Vijana wanacheka siku hizi, lakini mzee hana mzaha na mila. Ningekuwa yeye ningejinyamazia. Yeye alisimama nyuma ya migomba, akapaza sauti kwa mkewe, Esnath, aliyekuwa uani na mkamwana.

"Esnath! Mwambie huyo mtu kasia halivutwi kwa mikono. Mikono ni kamba tu. Kazi ni ya mapaja na mgongo."

Esnath, bega kwa bega na Tupokigwe, akarudia kila neno kama mkalimani wa kanisani.

Ikawa hivyo msimu mzima, mvua ya Tukuyu ikinyesha bila haya. Achuchumae na kiroba cha udongo mgongoni, ainuke taratibu. Akae chini, akanyagie miguu kwenye gogo, avute kwa kamba kiroba cha mawe kupanda mteremko. Miguu isukume kwanza, mikono ifuate. Ajiegemeze kwa viwiko na vidole vya miguu, tumbo likaze, asitikisike. Na siku ya kupumzika apumzike kweli, maana nyama hujengeka mtu akilala. Alipojaribu kudanganya kwa mabega, mzee alitambua kwa mkwaruzo wa kiroba tu.

"Esnath, karudia ujinga wake!"

Tupokigwe akatupa kamba, akalia kwa hasira. Amechoka, anaacha! Mara akasikia kikohozi nyuma ya migomba. Kumbe mzee naye alikuwa akinyeshewa muda wote. Aibu ikamshika.

"Mama, mwambie ndaga fijo. Namshukuru sana," alisema, akaokota kamba.

Siku ya majaribio Matema, Jenifer alimpa nafasi ya mbele shingo upande. Akilegea tu, inakwenda kwa mwingine. Wakapita pale mikono ilipomfia mwaka jana. Wenzake wakaanza kutweta. Yeye alikanyagia mbao za mtumbwi, akasukuma kwa mapaja, kasia likizama na kutoka bila papara hadi mwisho. Waliposhuka, Jenifer alimkabidhi fulana ya timu, na Tupokigwe akaikumbatia kwa furaha mbele za watu.

Ufukwe mzima ulikuwa umegeukia ziwa, ukishangilia. Mtu mmoja tu alikuwa ameligeuzia mgongo.

"Mzee, mitumbwi iko huku!" vijana wakamtania.

"Najua," alijibu mzee Ambindwile, machozi yakimtiririka. "Nimemsikia."