Kashe na Kashfa

Simu yangu ilikuwa imechoka kuliko mimi. Ukiiwasha asubuhi, inaamka adhuhuri. Siku moja, tulipotoka kliniki ya sukari na mke wangu, tukaipitisha kwa fundi wa simu pale Nachingwea mjini, mama wa watoto wawili ambaye utotoni mwake nilimfundisha madrasa.

Aliikagua, akasema, "Maalimu, nitakuwekea Android nyingine, nyepesi. Ila kwanza nifute kashe. Una kashe nyingi mno."

Mke wangu, ambaye Kiswahili alikijulia sokoni na mpaka leo huota kwa Kimwera, aliinuka kwenye benchi. "Kashfa?"

"Kashe, bibi."

"Nyingi?"

"Nyingi mno."

"Basi hakuna kufuta. Miaka arobaini niko na huyu, kashfa zake azione fundi peke yake?"

Nilicheka. Nilijiamini, Mungu anisamehe.

Fundi akaeleza kwamba kashe ni vitu ambavyo simu hujiwekea pembeni isihangaike kuvitafuta tena. Mke wangu akauliza kama ni lazima vifutwe.

"Si kila mara. Ningekuwa naendeleza Android hii hii, pengine tungeviacha. Lakini naweka ya aina nyingine. Mabaki ya zamani yakibaki, simu inaweza kugoma kuwaka."

"Na picha alizofuta, zimo?"

"Nakala zake ndogondogo huwa zinabaki."

Hapo niliacha kucheka. Daktari alipoligundua tatizo la sukari, nilimwapia mke wangu kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba sitaonja soda tena.

Fundi akachomeka simu kwenye kompyuta. Yakatokea maua. Mekundu, ya njano, mengine yana umande.

"Nani anakutumia maua?"

"Shehe wa Likunja. Kila Ijumaa."

"Na haya yenye moyo?"

"Shehe wa Chunyu."

"Watu wazima na ndevu zao!"

Kisha nikatokea mimi, arusini Matambarale, kofia imekaa vizuri, chupa ya soda mdomoni, macho nimeyafumba kwa raha. Picha hiyo niliifuta njiani, kabla sijafika nyumbani.

Mke wangu aliisogelea kompyuta, kisha akanigeukia. "Nilikuuliza siku ile. Ukasema ulikunywa maji."

"Na maji nilikunywa."

"Sikukuuliza mara ya pili," akasema, "kwa sababu ulikuwa wewe."

Nikamwambia nilivunja kiapo na nikamdanganya, anisamehe. Fundi, macho yake kwenye bisibisi, akasema polepole, "Kafara ya kiapo ni kulisha maskini kumi, maalimu. Ulitufundisha mwenyewe, na aliyesahau alichapwa."

Mke wangu akamgeukia. "Hiyo kashe inafutwa wapi?"

Akaonyeshwa. Akabonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama anayeua kupe. Fundi akaweka ile Android nyepesi na, alhamdulillahi, simu iliwaka bila kugoma.

Jumamosi alipika wali na mbaazi, tukawalisha watu kumi. Kila aliyenawa mikono aliuliza sadaka hii ni ya nini. "Ya kashfa za simu," alijibu, akaendelea kupakua.

Ijumaa iliyofuata simu ikalia: ujumbe kutoka kwa shehe wa Likunja. Nilimpa mke wangu aufungue yeye. Yalikuwa mawaridi.