Mguu Uliomngoja Daktari

Nyumbani kwao wanamwita Daktari, na kosa ni lake mwenyewe. Alisomea baiolojia chuo kikuu, akahitimu vizuri tu, kisha akasaga soli kutafuta kazi. Walimu walisema shahada ile ina milango mingi. Milango ipo, sikatai, ila kila mlango ulitaka cheti kingine: hospitali cha maabara, shule cha ualimu. Mwishowe akapata kibarua kwenye kituo cha utafiti, kuhesabu mbu. Anamshika kwa kikoleo, anamweka chini ya hadubini, dume huku, jike kule, kutwa nzima, na huu ni mwaka wa tisa. Koti jeupe anavaa, ndiyo. Mama yake alipomwona nalo akatangaza mtaa mzima kwamba mwanawe ni daktari, na bwana mkubwa huyu hakumsahihisha. Sifa zilimnogea, tuseme ukweli.

Ndipo baba yake, mgonjwa wa kisukari, akajikwaa, kidole kikachubuka. Kidonda kikachimba. Majirani wakamhimiza aende hospitali, mzee akawacheka.

"Ninaye wangu wa kumzaa, nikapange foleni ya nini? Akija likizo atanitazama."

Mwanawe alipopiga simu, mzee alisema hajambo, eti asimsumbue mtu wa kazi nyeti. Akangoja miezi miwili.

Kijana alipofika na kufungua kitambaa kilichofunga kidonda, harufu ilimweleza yote. Wakakimbilia hospitali. Daktari wa upasuaji hakuzunguka: mguu ukatwe chini ya goti leo hii, la sivyo mzee hamalizi wiki. Mzee akakataa kuweka saini.

"Nasubiri neno la daktari wangu," akasema, akimwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Haya, mwanangu, sema. Hautapona huu?"

Kijana alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Baba, mimi si daktari. Sijawahi kuwa. Nahesabu mbu."

"Mbu."

"Mbu, baba. Nisamehe."

Mzee akautazama mguu. Hakufoka, na heri angefoka. Aliomba kalamu, akaweka saini polepole, akairudisha kwa muuguzi.

"Mama yako usimwambie," akasema. "Ana presha yule. Akiuliza, sema wewe ndiye uliyeshauri wanikate."