Miezi Miwili kwa Jina la Rajabu

Nilikwenda Dar es Salaam kwa sababu mtu mwingine alikufa. Boma letu la Kilosa lilikuwa na nafasi moja katika chuo cha serikali cha makarani. Aliyepewa nafasi hiyo, kijana wa upande wa milimani aitwaye Rajabu Selemani, alishikwa na homa huko huko chuoni akafariki, hajamaliza hata mwezi. Karani mkuu wa boma akaniita.

"Mwandiko wako mzuri, ingawa unaandika polepole," akasema. "Nenda ukaijaze nafasi hiyo kabla boma jingine halijaichukua. Barua yako itafuata."

Shule niliyosoma ni ya msingi tu, na mbele za watu ulimi wangu huwa mzito. Lakini kazi ya ukarani ndiyo niliyoitamani tangu utoto, na mama hakuwa na mwana mwingine wa kumtegemea. Nikapanda gari moshi siku ya Jumapili.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, niliteremka stesheni ya Dar es Salaam. Mhindi mmoja aliyekuwa akifungua duka lake la vitambaa alinielekeza njia ya Gerezani, nyuma ya karakana za reli. Chuo kilikuwa na majengo matatu marefu ya bati, na nyundo za karakana zilisikika mpaka ndani ya uzio. Langoni alikaa tarishi mzee, Mzee Mbwana, na daftari magotini.

"Shikamoo. Nimetoka Kilosa."

"Marahaba." Akapekua. "Wa Kilosa yumo."

"Ndiye mimi, mzee."

"Nakwambia yumo. Aliingia mwezi uliopita, na hajatoka." Akanionyesha. Jina la Rajabu lilikuwa pale, na mbele yake nafasi ya kuandikia siku ya kuondoka ilikuwa tupu.

Saa tatu nilipelekwa kwa Mwalimu Bakari, mtunza orodha, mtu mwembamba aliyezungumza bila kuinua macho.

"Orodha ilikwisha kwenda ofisi kuu," akaniambia. "Jina halitoki ila kwa barua, wala haliingii ila kwa barua. Barua ya kuleta jina lako imefika?"

"Sijui, Bwana."

"Haijafika. Mpaka ifike, wewe ni namba kumi na saba, na namba kumi na saba ni Rajabu Selemani. Ukiitwa, itika. Asiyeitika hayupo, na asiyekuwapo bila barua hurudishwa kwao."

Nilitaka kusema kwamba mtu huyo amekufa. Lakini niliona kwamba anajua.

Bwenini nilipewa kitanda cha namba kumi na saba na shati la namba kumi na saba, alilokuja nalo kutoka kwao, lenye kiraka kwenye kiwiko. Godoro la sufi lilikuwa limebonyea kwa umbo la mtu mrefu kuliko mimi. Nikapewa na daftari lake, maana madaftari hayatolewi mara mbili. Maandishi yake yalikomea katikati ya mstari: "Barua ya raia ijibiwe." Nikaambiwa niendelee hapo hapo. Nikachovya kalamu, nikaongeza, "kabla ya siku saba kupita." Baada ya wiki mbili nilipofunua ukurasa ule, ilinibidi nitazame sana kujua yake yaliishia wapi na yangu yalianzia wapi.

Kila siku ilikwenda hivi. Saa kumi na mbili kengele. Saa moja mwito wa majina. Kisha tuligawanywa mafungu manne: wa majalada, wa kupiga taipu, wa kuandika barua na wa mapokezi. Kila wiki mafungu yalipokezana. Jengo la katikati lilikuwa ofisi ya mazoezi, yenye dirisha la kupokelea watu kama bomani kwetu. Nusu yetu tulikuwa makarani, nusu tulijifanya raia tukaleta mashauri ya uongo: mipaka ya mashamba, ng'ombe waliopotea. Kila shauri lilifunguliwa jalada, na jalada likishafunguliwa halikutupwa. Kabati moja lilijaa mashauri ya watu ambao hawajapata kuzaliwa, nasi tuliendelea kuwajibu. Saa sita nyundo za karakana zilinyamaza kwa chakula. Jua likawa utosini, uwanja hauna kivuli, na mara nyingi nilisikia taipu moja ikigonga polepole ndani, wakati sote tulipokuwa nje na sahani zetu.

"Ni kunguru hao, wanadonoa bati," alisema Kondo, kijana wa Kizaramo aliyelala kitanda cha jirani. Kondo hakuwa na simile. Ndiye aliyenipa jina.

"Marehemu, sogea kidogo! Jamani, mtazameni marehemu wetu, anakula kuliko wazima!"

Wote walicheka, na mimi nilicheka nao.

Jumamosi moja alasiri tulikwenda Kariakoo. Tulipokuwa tumesimama penye mafungu ya nyanya, nilisikia mtu ananiita nyuma yangu, nikageuka kwa haraka.

"Umeona nini?" Kondo akauliza.

"Kuna aliyeniita."

"Kakuita nani?"

Nikakumbuka kwamba jina nililolisikia ni Rajabu. Kondo aliniangalia, na safari ile hakufanya mzaha.

Mwisho wa mwezi wangu wa kwanza chuoni tulifundishwa kuandika taarifa za maendeleo. Desturi ya chuo ni kwamba kila mwanafunzi hupiga taipu taarifa ya jirani yake, mwalimu husahihisha, nayo hutumwa kweli kwa mzazi aliyetajwa katika jalada. Ya kwangu ilipigwa na Kondo: "Mwanao Rajabu Selemani anahudhuria kila siku. Tabia yake ni njema. Afya yake ni nzuri." Mwalimu Bakari alisahihisha nukta moja, akatia sahihi. Niliiona bahasha ikifungwa. Niliona juu yake jina la baba wa Rajabu. Ulimi ukawa mzito. Nilihofia kwamba nikisema neno nitarudishwa, nami barua yangu ilikuwa haijafika bado.

Alhamisi moja ya mwezi wangu wa pili, saa moja asubuhi, tulikuwa tumekaa kwenye mabenchi. Mwalimu akafika namba kumi na saba.

"Rajabu Selemani!"

"Nipo, Bwana!"

Nje ya dirisha mtu akapiga ukelele. "Ndiye! Mbwana, umesikia? Mwanangu kaitika!"

Mzee mmoja mrefu aliingia, fimbo mkononi, kanzu imejaa vumbi la safari, na Mzee Mbwana nyuma yake akijaribu kumshika mkono. Yule mzee hakusalimu mtu. Alianza benchi la kwanza, akatazama uso mmoja mmoja huku akitabasamu, kama mtu anayejua kwamba mtoto wake anajificha kwa utani. Alinifikia. Akanipita. Akafika benchi la mwisho, akarudi tena toka mwanzo, na safari hii alikwenda polepole.

"Mwalimu," akasema, "nililetewa simu ya maandishi kwamba kafa, nikasoma hitima. Kisha ikaja barua yenu kwamba mzima. Kaburi sikuliona, nikasema, basi walizika mtoto wa mtu mwingine. Nimemsikia sasa hivi. Yuko wapi?"

Mwalimu Bakari alitazama orodha. Nadhani hiyo ilikuwa mara ya kwanza jina nalo kumwangalia yeye.

Nikasimama. "Ni mimi niliyeitika, baba. Niwie radhi. Rajabu hayupo."

Alinikaribia mpaka nikasikia pumzi yake. Aligusa kile kiraka kwenye kiwiko. "Hiki alikishona mama yake," akasema, nasi tukamkalisha kwenye benchi.

Saa sita, nyundo za karakana ziliponyamaza, Mzee Mbwana alituongoza makaburini, maana yeye alikuwa miongoni mwa waliozika. Tulipita mtaa wa Msimbazi, baba yule akitembea katikati yetu. Tulipofika, Mzee Mbwana alisimama muda mrefu kati ya matuta mawili.

"Ni hili," akasema. "Au lile. Siku ile mvua ilikuwa kubwa."

Mzee Selemani aliomba dua kwenye tuta la kwanza, akaomba kwenye la pili, urefu ule ule, bila kupunguza neno.

Njiani kurudi akaniuliza, "Kesho watamwita tena?"

"Watamwita, baba. Mpaka ije barua."

"Na usipoitika?"

"Nitarudishwa."

Hakusema niitike, wala hakusema nisiitike. Alitazama chini, akatembea.

Ijumaa, saa moja. "Rajabu Selemani!" Nilikaa kimya. Mwalimu aliita mara ya pili, kwa sauti ya chini. Kondo alinikanyaga mguu. "Itika, mjinga we," akaninong'oneza, machozi yakimlengalenga. Alipoita mara ya tatu nilisubiri, kwa kweli, nikiogopa kwamba kutatokea sauti nyingine itakayoitika. Haikutokea. Kalamu ya mwalimu ikakwaruza karatasi.

Jumamosi nilivua shati, nikalikunja, nikamkabidhi baba yake Rajabu stesheni. Tulisafiri pamoja mpaka Kilosa, naye alilipakata njia nzima.

Jumatatu niliripoti bomani. Karani mkuu alikasirika sana. Barua yangu, alisema, ilikuwa imepelekwa juzi tu, na sasa nafasi imekwenda boma jingine.

"Miezi miwili serikali imekulisha! Umejifunza nini?"

Nilimwambia kwamba nimejifunza kufungua jalada na kupanga barua, na kwamba taarifa huwa na mtu wa kuipokea, na mtu huyo huiamini. Akaniambia hayo hayamo katika mtaala.

"Kwa hiyo kuitika tu, neno moja asubuhi, kumekushinda?"

"Kumenishinda, Bwana," nikamwambia, nikaenda nyumbani kumweleza mama.