Siku za Makombora Hazihesabiwi

Mawakili ni watu wa ajabu. Watakutajia sheria za tangu enzi ya Wabelgiji, lakini waulize leo ni tarehe ngapi, watakutazama kama umewatukana. Ndiyo maana katika ofisi ya wakili Gélase, Maître kama wanavyoitwa mawakili huko, pale katikati ya Bujumbura, tarehe zilikuwa kazi ya Mwanasiti, katibu wake. Rufaa ipelekwe lini, majibu yatolewe lini, yeye ndiye alijua. Siku ya mwisho ikipita, kesi imekwenda na maji, hata uwe na haki kubwa kama mlima.

Miaka mingi alizichunga kwenye kalenda ya ukutani. Mwaka 2003 Maître akarudi kutoka Brussels na programu ya kuchunga tarehe, na tena haikukaa ndani ya kompyuta, ilikaa huko huko Ulaya kwenye internet. Unaiita kwa waya wa simu, mashine inapiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia, halafu umeme ukiwepo na Mungu akipenda, inafunguka. Kila kesi ina rangi yake. Kijani, muda upo. Njano, harakisha. Nyekundu, leo leo. Mwanasiti aliipenda mno. Haichoki, haisahau, na haiombi ruhusa ya kwenda kuzika.

Tena ilikuwa na mahali pa kuandika siku ambazo mahakama imefungwa, kama Noeli au Idi. Ukiziandika, inaziruka, na siku ya mwisho inasogea mbele.

Miongoni mwa wateja alikuwepo Sikuzani, mjane muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, ambaye wote walimwita Mama Idi. Marehemu mumewe alijenga nyumba Gasenyi kwa mikono yake mwenyewe. Vita vilipowatimua wakakimbia, na mama aliporudi alimkuta bwana mmoja amekaa ndani, ana karatasi zenye mihuri. Mahakama ya kwanza ikampa ushindi yule bwana. Ikabaki rufaa tu. Rufaa ikifa, Mama Idi na wajukuu wake watazeekea katika chumba kile kimoja cha kupanga Nyakabiga.

Kila Ijumaa akitoka sokoni alipita ofisini, akasimama nyuma ya kiti cha Mwanasiti na beseni lake.

“Rangi yangu iko gani leo?”

Kusoma hakujua, lakini kijani alikijua. Akikiona alishukuru, akaenda zake moyo mweupe. Na Maître naye alikuwa na ugonjwa wa mawakili wote: rufaa haiandikwi mpaka rangi igeuke njano.

Mwezi wa saba makombora yakaanza kuanguka mjini. Mwanasiti alifunga ofisi akakimbilia kwa kaka yake mtaa wa Ngagara, Maître akajifungia kwake, maduka yakashusha milango.

Sasa hapa inabidi uwaelewe watu wa Bujumbura. Miaka ya nyuma vijana walikuwa wakifunga barabara wanatangaza ville morte, yaani mji umekufa leo, mutu asitoke. Na siku mfu haikuhesabiwa. Mwalimu alisogeza mtihani, fundi alisogeza ahadi yake, hata harusi ilisogezwa bila mtu kuomba radhi. Miaka kumi ya mambo hayo, ikawa kama sheria vichwani mwa watu.

Basi kulipotulia, Mwanasiti aliwasha mashine, na bila hata kufikiri akaziandika siku zote za makombora kuwa siku za kufungwa. Maître alichungulia begani kwake akasema bien sûr, bila shaka. Programu ikatii. Rangi ya Mama Idi iliyokuwa imeanza kuwa njano ikarudi kijani, na Mwanasiti, masikini, akafurahi.

Ilipogeuka njano tena, wakapeleka rufaa greffe, pale mahakamani zinapopokelewa karatasi. Karani Anselme, mtu mpole asiye na ubaya na mtu, aliigeuza geuza, akawaambia wamechelewa. Maître akamkumbusha makombora. Anselme akajibu kwamba greffe haikufungwa hata siku moja. Yeye mwenyewe alikaa dirishani huku kuta zinatikisika, kwa sababu mkubwa wake alisema asiyekuja asirudi tena. Maître alibishana, akapanda mpaka mbele ya majaji. Jibu likawa lile lile: mlango ulikuwa wazi.

Mwanasiti afanye nini? Amlilie nani, ile mashine? Ilikuwa imefanya alichoiambia. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya aliyamwaga yeye, kwa mkono wake, akitabasamu. Maître siku hiyo alikumbuka ghafla ana kazi nje ya mji, mwanaume mzima, akamwachia yeye kuusema ule msiba.

Ijumaa Mama Idi akaja, akasimama pale pale nyuma ya kiti. Kwenye kioo cha kompyuta, siku za rufaa yake zilikuwa hazijaisha bado. Mwanasiti alimweleza yote, hakuficha hata lile kosa lake. Mama Idi alisikiliza mpaka mwisho, macho kwenye ile rangi.

“Lakini mwanangu, ile wiki ya makombora mi nilikuja,” akasema. “Nilipiga hodi hapa mpaka mukono ukachoka. Nikasema labda Maître iko mahakamani, nikaenda kule. Kulikuwa wazi. Yule bwana wa dirishani alinipa kiti na maji, akaniuliza, mama, unaleta nini? Nikamwambia apana, mi sina kitu. Karatasi zangu ziko na watu wangu.”

Mama Idi alijifunga kitenge chake vizuri, akainua beseni la ndagala, na alipofika mlangoni akageuka kuuliza kama Ijumaa ijayo aje tena.