Chepkirui na Kona ya Mapipa

Kabla ya kutoka Kanamkemer, mtaa wao wa Lodwar, Chepkirui alitapika mara mbili, na mara zote mbili akasingizia maharagwe.

"Maharagwe hatukula jana," mumewe Ekai akamwambia. "Tulikula samaki."

"Basi ni samaki. Nipe maji."

"Mama Cherop, si lazima uende."

"Nimekuuliza kama ni lazima? Nimeomba maji."

Ekai akampa maji. Miaka kumi na tisa ya ndoa ilikuwa imemfunza wakati wa kunyamaza.

Chepkirui alikuwa dereva wa zahanati moja ya Lodwar kwa miaka kumi na moja. Landkruza yake ilibeba wajawazito, watoto walioumwa na nyoka, na siku nyingine mtu ambaye hakuwa na haraka tena. Aliendesha taratibu hadi ngamia wakampita. Lakini mchangani hakuna mwanamume aliyemfikia. Akifika laga, mto mkavu wa mchanga, anashuka, anachukua njiti ya kiberiti, anatoa upepo hadi tairi ilale kidogo, kisha anavuka huku wenzake wanachimba kwa majembe. Kwake tairi laini ndiyo iliyokuwa usalama wenyewe. Kila gari alilowahi kuliona limekwama lilikuwa na tairi ngumu.

Mwaka 2012 injinia mmoja alipokuwa anarudi kwao, alimuuzia Subaru. Ilikuwa imewekwa tabo kubwa ya kuongezea injini nguvu, springi zimekatwa ikainama kama kuku anayeatamia, na bomba la moshi lilikuwa pana kama sufuria ya ugali. Watu wa Kanamkemer walicheka hadi wakachoka. Mama mzima, miaka arubaini na nne! Yeye hakumweleza mtu kwamba katika miaka hiyo kumi na moja mguu wake wa kulia haukuwahi kushuka hadi chini kwenye pedali ya mafuta hata siku moja. Barabarani kulikuwa na mbuzi, watoto na mashimo, angeushushia wapi?

Januari 2013 akasikia kwamba Kullow, mwenye malori wa Kakuma aliyewahi kukimbiza magari huko Nakuru, anafungua kiwanja kidogo cha ndege kilichoachwa nje ya mji. Jumamosi moja kwa mwezi, mtu alete gari lake alikimbize. Chepkirui akaandikisha jina siku hiyohiyo. Usingizi ukamhama siku hiyohiyo.

Basi wakatoka alfajiri, yeye na Ekai, Subaru ikijikwaruza tumbo njia nzima. Karibu na Kakuma wakakuta laga. Chepkirui akashuka na njiti yake, akatoa upepo tairi zote nne, akavuka kama anayepita sebuleni kwake.

"Hurudishi upepo?" Ekai akauliza ng'ambo.

"Wa nini? Laini inashika vizuri."

Kiwanjani kulikuwa na magari saba, wanaume saba, na Jeanine, mama wa Kikongo aliyekuwa akiuza chai.

"Mama, ni weye utaendesha ile kitu?" Jeanine akauliza.

"Ni mimi."

"Ee Mungu. Kunywa chai kwanza, lipa sasa."

Kullow akaja, mrefu, ndevu zimepakwa hina. Akakaza nati za magurudumu, akatikisa betri, akatoa chupa ya maji chini ya kiti isije ikaingia chini ya breki. Halafu akamfungia kitambaa chekundu kwenye kioo cha pembeni.

"Hiki ni cha mgeni. Si mashindano, mama. Hakuna mshindi hapa. Nitakaa na wewe. Raundi mbili pole, ya tatu tunaachilia. Utaogopa. Kila mtu anaogopa, ni kawaida. Usiusikilize woga, nisikilize mimi. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Helmeti ilikuwa na jasho la mtu mwingine. Raundi mbili za kwanza alienda kama anayebeba mgonjwa, akazunguka mapipa yaliyopangwa mwisho wa lami, akarudi. 

"Sasa kanyaga," Kullow akasema.

Akakanyaga. Subaru ikalia, kiti kikampiga mgongoni, lami ikaanza kumezwa chini ya bonneti. Themanini. Mia. Machozi yakamtoka na hakujua ni ya nini. Kisha gari likaanza kuogelea nyuma, kidogo tu, kama mlevi anayejikaza mbele ya kasisi.

"Kullow, gari linacheza."

"Ni woga, mama. Kanyaga."

Mia na kumi. Mapipa yakaonekana mbele, mekundu, yakikua. Usukani ulikuwa mzito, kisha mwepesi, kisha mzito. Tumbo likamwambia simama. Akakumbuka tumbo hilohilo lilikuwa likimwambia simama tangu alfajiri, hata akiwa kitandani. Sasa atajuaje lipi ni la kweli? Akipuuza na likawa kweli, watakufa wawili, na huyu mtu wa watu hana kosa. Akisimama na likawa woga tu, atacheka Jeanine, watacheka wale saba, itacheka Kanamkemer nzima.

"Kanyaga!"

"Sitaki!"

Akatoa mguu, akashika breki kidogo kidogo kama anayeshika yai, akanyoosha mkono dirishani kuashiria kwamba anasimama. Gari likayumba kushoto, likayumba kulia, likasimama hatua tano kutoka kwenye mapipa.

Kullow akashuka kwa hasira. Akazunguka nyuma. Akachuchumaa.

"Mama. Njoo."

Tairi ya nyuma kushoto ilikuwa imeanza kuachana na rimu. Ubavu wake ulikuwa umesuguliwa na lami hadi maandishi yakafutika, na ulikuwa moto wa kuchoma kidole.

"Nani alitoa upepo?"

"Mimi. Kwa laga."

"Na hukurudisha?"

"Mchangani..."  Akaketi kwenye lami.

Kullow akajifuta uso. "Lami na mwendo havitaki tairi laini, mama. Kona ile ingeivua yote. Tungepinduka. Na mimi nikakagua kila kitu, nikaacha upepo! Nikakwambia kanyaga."

Wakabadilisha tairi ile. Ekai akaja mbio na pampu ya miguu, na zile nyingine Chepkirui akazipiga pampu mwenyewe hadi zikawa ngumu kama jiwe la kusagia, ingawa moyo wake ulikataa ugumu huo. Kullow akapima kila moja, mara mbili. Jeanine akaleta chai, safari hii hakudai kitu.

"Unarudi?" Kullow akauliza.

"Naogopa."

"Mimi pia." Akavaa helmeti, akaingia, akafunga mkanda.

Wakatoka. Sitini. Themanini. Tumbo likaanza maneno yake.

"Naogopa, Kullow."

"Woga wa kawaida ama wa tairi?"

Chepkirui akalegeza vidole, akausikiliza usukani kwa viganja. Ulikuwa umetulia.

"Wa kawaida," akasema, na mguu wake wa kulia ukashuka hadi chini.