Maharage ya Kwenye Kona

Mpiga dawa wa Kibara hutembea polepole hata bomba likiwa tupu mgongoni, na vidole vyake haviishi kupapasa mfuko wa shati, anamoweka maharage machache. Kila shamba alilowahi kulipiga dawa ya magugu, mvua zikikaribia hulirudia, akafukia punje kadhaa kwenye kona bila kumwambia mtu. Ndiyo maana Ursula, alipoyakuta yameota shambani kwake, alimfuata amefura, maana huku kwao anayepanda kwenye ardhi ya mwenzake keshaanza kuidai. "Unataka kuninyang'anya shamba, kaka?" Mkononi alikuwa na kibuyu cha mbegu za maharage za marehemu mama yake, ndizo pekee zilizobaki, na asubuhi hiyo alitaka kuzipanda.

Mpiga dawa alikohoa kikohozi kikavu, akaongozana naye hadi kwenye kona, akapiga magoti na kugusa miche kwa mgongo wa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Majani yalikuwa ya njano kingoni, mengine yameungua kama karatasi iliyopitishwa motoni.

"Haya nayapanda kuujaribu udongo, mama. Ni ile dawa ya mahindi ya mwaka jana. Huwaga inabaki kwenye udongo. Mahindi yanaivumilia, maharage hayaiwezi. Rudia mahindi kwanza."

Ursula aliinama akashika jani lililoungua. Kisha akazibua kibuyu, akachota punje chache za mama yake, akamtilia mfukoni mwa shati.

"Mwakani utajaribu na hizi."