Mahindi Yaliyofika Siku Moja Mapema

"Wacha kuniambia kompyuta iko sawa," Kipkirui anasema. "Orodha yetu inasema mama huyu aje leo Jumatano. Ujumbe wako ulimwita jana. Magunia yake yamenyeshewa."

Ni saa nne asubuhi mjini Kitale, kwenye mashine ya kukausha mahindi ya kikundi cha wakulima anachosimamia Kipkirui. Mama huyo, Chelangat, amekalia magunia yake arobaini.

"Nimelala hapa," anasema. "Ningeyaachia nani?"

Anayekaripiwa ni Nelima, mama wa watoto wawili kutoka Bungoma, mwenye diploma ya kompyuta. Hutengeneza tovuti za vikundi na maduka. Mwezi mzuri hupata shilingi elfu thelathini; mbaya, hata elfu kumi hazifiki. Kazi hii ya kupanga zamu za wakulima ndiyo kubwa zaidi aliyowahi kupewa, na ina wiki moja tu tangu aianze.

Anafungua kompyuta juu ya gunia na kuandika tarehe ya Chelangat. Inatoka Jumanne, saa tatu usiku.

Anafuata hesabu hatua kwa hatua.

Mkulima akichagua tarehe bila saa, kompyuta huianzisha saa sita usiku ya Kenya. Kisha, ili kuihifadhi kwa saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa ya Kenya, huirudisha nyuma kwa saa tatu. Hapo inakuwa jana, na ujumbe wa simu hubeba hiyo jana.

"Nilipoijaribu niliweka saa ya mchana," anasema. "Mchana ukitoa saa tatu bado ni leo. Kosa ni langu."

"Basi turudi kwa daftari."

"Daftari halitawazuia wale ishirini na sita wenye ujumbe mbaya. Nipe saa moja."

"Na ukikosea tena?"

"Nifute kazi mbele yao."

Chelangat anacheka. "Mimi nitakuwa shahidi. Lakini mahindi yangu yaingie kwanza."

Yanaingia. Nelima anabadilisha: tarehe ibaki kama mkulima alivyoiandika, mwaka, mwezi, siku, bila saa yoyote kuigusa. Anaijaribu kwa saa sita usiku, alfajiri, mchana. Haisogei.

"Waambie mtandao ulisumbua," Kipkirui anashauri. "Watu wataelewa, bana."

"Wakielewa uongo, kesho wataniamini kwa nini? Nataka vikundi vya Webuye na Matulo vinipe kazi pia."

Anaandika: *Tarehe uliyotumiwa si sahihi, nilikosea mimi. Usije siku hiyo, njoo inayofuata. Nelima.* Anaongeza namba yake na kutuma kwa wote ishirini na sita.

Simu inaita papo hapo.

"Ndiyo, baba, ni mimi niliyekosea," anasema. "Shusha hayo magunia garini. Usije kesho, njoo Ijumaa."